Prado mpya ya 250: dizeli 2.8, petroli 2.7, turbo 2.4 au haibridi, we ipi inakufaa?

Shemeji kanipigia wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, hata watoto hatujaulizana hali ananiambia "hivi we ungechukua dizeli au petroli?" Nikajua tayari, ile Prado mpya imeshamwingia kichwani. Na si yeye peke yake, hili swali nimeshaulizwa na watu kama watano na kila mmoja namjibu kipande kipande kwenye simu, sasa ngoja niliandike lote mahali pamoja, mwenye haraka zake aruke aende kwenye injini yake.

Gari yenyewe kwa ufupi. Toyota waliionyesha Agosti 2023, Japani ikaanza kuuzwa Aprili 2024, kule inaitwa Land Cruiser 250 ila huku kwetu ni Prado na itabaki Prado. Imechukua nafasi ya ile 150 iliyokuwepo tangu 2009 na safari hii hawajabadilisha taa na bampa tu wakatuambia mpya, wamebadilisha mpaka fremu, sasa inakaa kwenye fremu ya ukoo mmoja na Land Cruiser 300, imerefuka imefika mita 4.9 na ushee, usukani ni wa umeme, sura ya boksi imerudi. Kwenye bodi sina ubishi na mtu. Ubishi uko chini ya boneti, maana dunia nzima hawakuweka injini moja, kimsingi ziko nne: dizeli ya 2.8, petroli ya 2.7 isiyo na turbo, petroli ya 2.4 yenye turbo, na hiyo hiyo 2.4 iliyofungiwa mota ya umeme, yaani haibridi.

Sasa kabla hujaanza kuhesabu hosipawa angalia kwanza usukani nchini kwako uko upande gani. Haibridi ilikwenda Marekani, Kanada na China, kote huko usukani kushoto. 2.4 ya turbo ndo iliyokwenda nchi za Ghuba, nako kushoto. Kenya gari ya usukani wa kushoto haisajiliwi mpaka uwe na kibali maalum, na sisi Tanzania tunaagiza zaidi Japani, ambako ilipoingia sokoni ilikuja na injini mbili tu, dizeli 2.8 na petroli 2.7. Kwa hiyo mtu wa Dar, Arusha, Mombasa, Nairobi au Kampala akinitumia video ya haibridi ya Marekani akasema "naitaka hii", namwambia ndugu yangu hiyo itazame kama unavyotazama harusi ya jirani, we kula pilau yako urudi nyumbani.

Haya, dizeli, maana ndo kila mtu anaitaka. Hii ni 1GD, silinda nne, na kama umewahi kuwa na Hilux au Fortuner ya 2.8, au Prado 150 ya dizeli ya kuanzia 2015, basi tayari mnajuana. Ilianza na hosipawa 177 na Nm 450 (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kuvuta), 2020 wakaiongezea nguvu ikafika 204 na Nm 500, na ndo hiyo imeingia kwenye 250 ikiwa na giaboksi otomatiki ya gia nane. Hiyo 204 isikupumbaze, namba ya kukaa nayo ni 500 na mahali inapopatikana, kuanzia injini ikizunguka mara 1,600 kwa dakika, yaani mguu ndo kwanza umegusa pedeli na gari imeshajivuta. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi umelowa, ule unaojaza tairi mpaka zinakuwa kama vitumbua, hutaki injini ya kupiga kelele, unataka ya kutambaa polepole bila tairi kuzunguka bure, na hapo dizeli haina mpinzani kwenye hizi mbili za usukani wa kulia. Kuvuta trela hivyo hivyo, Australia wanaipa kibali cha tani tatu na nusu.

(Mtakaokuwa mmesikia habari za injini za dizeli za Toyota kusimamishwa Januari 2024, ni kweli, Toyota Industries wanaozitengeneza walikiri kwamba kwenye kupima nguvu walitumia kompyuta ya injini yenye programu tofauti na ile iliyomo kwenye magari yanayouzwa. Usafirishaji ukasimama, ukaguzi ukafanyika, ukaendelea. Si habari ya injini kufa, ni habari ya namba za karatasini.)

Kinachoniogopesha kwenye dizeli ni vitu viwili, na cha kwanza ni mafuta yetu wenyewe. Mwaka juzi tulitoka kujaza kituo kimoja cha barabarani, sikitaji, Prado 150 ya jamaa yangu yenye hii hii 1GD, hatujamaliza kilomita hamsini gari ikaanza kutetemeka na taa ya injini ikawaka. Tukajikokota mpaka gereji. Fundi akafungua filta ya dizeli, akamimina kilichomo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa akaiweka juu ya boneti, akasema tusubiri. Tukasimama tunaangalia chupa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Baada ya dakika chache ikaanza kujigawa, chini maji kama vidole viwili, katikati utandu wa kijivu kama wa uji uliolala, juu dizeli. Fundi akachovya kidole kwenye ile ya juu akanusa, akamsogezea jamaa naye anuse. Mafuta ya taa. Kati ya nozeli nne mbili zilikuwa zimekwisha, na nozeli ya komoni reli, yaani ya hizi dizeli za kisasa za presha kubwa, si nozeli ya zile dizeli za zamani ambazo fundi anaitoa anaipuliza anairudisha, hii ikifa ni pesa ndefu, jamaa alilipa huku anatukana kimoyomoyo.

Kwenye salfa iliyomo ndani ya dizeli angalau tuna nafuu, Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ndogo, ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), kwa hiyo mafuta yanayoshuka bandarini si mabaya. Ubaya unaingia njiani yanapochakachuliwa. Petroli pia inachakachuliwa lakini 2.7 inavumilia, dizeli ya kisasa haivumilii, inakupelekea bili siku hiyo hiyo.

Cha pili ni DPF na AdBlue, na hiki ndo watu wanaoagiza Japani hawaambiwi. Dizeli ya soko la Japani inakuja na chujio kwenye ekzosi linalokamata masizi, ndo hiyo DPF, likijaa linajichoma lenyewe kwa joto kali sana, mamia ya digrii, na ili lichome vizuri gari inatakiwa itembee mwendo wa kueleweka kwa muda. Sasa we unatoka Tabata unaenda Posta, foleni Buguruni, foleni Mnazi Mmoja, injini haijapata hata joto la maana umeshazima. Kesho hivyo hivyo. Chujio linajaa, linaanza kujichoma linakatishwa, linaanza linakatishwa, mwisho taa inawaka na hapo ndo unaanza kujuana na watu wa kompyuta. AdBlue nayo ni maji ya urea ya kusafisha moshi, yana tanki lake, yakiisha kabisa na ukazima gari haiwaki tena mpaka ujaze. Mjini inapatikana, ukiwa Mpanda Jumapili mchana sijui utampata nani. Ndo maana mafundi wengi dawa yao ni moja tu, toa DPF, ziba AdBlue, danganya kompyuta. Mi sikushauri ununue gari ya hela hiyo halafu wiki ya kwanza uikate ekzosi, ila najua wengi mtafanya. Kuna 1GD nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Afrika, Hilux na Fortuner, hazina vitu hivi, kwa hiyo ukinunua mpya kwa wakala wa hapa muulize hilo swali moja kwa moja na uonyeshwe, usiridhike na "hakuna shida bosi".

Tukija petroli 2.7, hii ni 2TR, mzee wa kazi, amezaliwa 2004, amekaa kwenye Hilux, kwenye Hiace, kwenye Prado 120 na 150, hizi TX unazoziona kila parking ya benki na kila msiba wa watu wenye nafasi. Hosipawa 163, Nm 246, giaboksi gia sita. Ndiyo, umesoma vizuri, Nm 246, nusu ya dizeli, na hizo 246 haziji mpaka mshale ufike 3,900. Ukiipanda baada ya dizeli utadhani umesahau hendibreki. Nikiwa mkweli Toyota walipaswa kuona aibu kidogo kuweka injini ile ile kwenye gari mpya ya tani mbili na zaidi. Lakini haina turbo, haina DPF, haina AdBlue, haina pampu ya presha ya kutisha, ina cheni na si belti, na hakuna fundi kati ya Tunduma na Namanga asiyeijua. Spea zake ukiingia Gerezani pale Dar unachagua, orijino, ya pili, ya tatu, na iliyotolewa kwenye gari iliyogongwa jana.

Udhaifu wake unauona ukipanda. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi na yenyewe haina wa kuisukumia hewa ndani. Kwa hiyo mtu wa Nairobi, au wa Iringa, au wa Mbeya, ambao wote wako huko mita 1,500 kwenda juu, zile 163 anazolipia kiuhalisia anatumia kama 135. Nimepanda Kitonga na 150 yenye hii injini, watu saba, mizigo juu ya kerea, nyuma ya lori la saruji. Nilizima AC. Mama mmoja nyuma akauliza mbona joto nikasema nataka mpate hewa safi ya mlimani. Ukitaka kulipita lile lori unapiga hesabu kama unaoa, unaangalia mbele, unaangalia tena, unashusha gia mbili, injini inalia, na lori bado liko pembeni yako. Dizeli pale pale inapita huku mnaongea.

Sasa hela. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia unywaji tu. Kwa vipimo vya Japani dizeli inakwenda kilomita 11 kwa lita, petroli 7.5. Barabarani kwetu zote zitashuka ila tuendelee na hizo kwa sababu zimepimwa kwa njia moja. Tanki ni lita 80, maana yake dizeli karatasini unatoka Dar unafika Mbeya bila kusimama kujaza, petroli unaishiwa ukiwa umeipita Iringa. Raha. Ila sasa angalia bei, ilipotoka Japani ile ya daraja la VX ya petroli ilikuwa yen 5,450,000 na VX hiyo hiyo ya dizeli 6,300,000, tofauti yen 850,000. Tuchukulie yen moja ni shilingi 17, hiyo ni kama milioni 14 na nusu, na hapo TRA hajakohoa. Kila kilomita 10,000 petroli itakunywa lita 1,333 na dizeli 909, unaokoa lita 424. Tuseme wese lita moja sh 3,000 kwa zote mbili, unaokoa milioni 1.27. Gawanya mwenyewe. Unahitaji kutembea kilomita laki moja na elfu kumi na kitu ndo ile tofauti ya kununulia irudi, na hapo ushuru sijauweka, wala nozeli sijaziweka. Mwenye kazi ya kutembea kilomita elfu 40 kwa mwaka, mtu wa utalii, mtu wa miradi, mtu wa madini, anairudisha ndani ya miaka mitatu na anaanza kula faida. Mwenye kutembea elfu 12 kwa mwaka atasubiri miaka tisa na zaidi.

Kwa ndugu zetu Kenya kuna jambo la ziada ambalo linaweza kumaliza mjadala kabla haujaanza. Tangu 2019 ushuru wa bidhaa kule umepangwa kwa sisi (cc, ukubwa wa injini), dizeli inayozidi sisi 2,500 inapigwa asilimia 35, wakati petroli inaingia kwenye hiyo 35 ikizidi 3,000. Maana yake 2.8 ya dizeli iko ndani ya 35 na 2.7 ya petroli iko kwenye 25. Asilimia kumi ya gari la bei hii si mandazi. Kabla hujatuma hela kaa na wakala wako wa forodha akupigie hesabu ya zote mbili zikiwa pembeni kwa pembeni. Huku Tanzania hakuna tofauti hiyo, zote mbili zimeshapita sisi 2,000 kwa hiyo ziko kapu moja.

2.4 ya turbo naipitia haraka kwa sababu wengi wetu hatuipati, lakini kuna Waswahili inawahusu kabisa. Uko Muscat au Salalah, hii ndo Prado yako. Uko Bukavu, Goma, Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, kwenu mnaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani kushoto, na magari mengi mnayatoa Dubai, hii pia itakuwa yako. Ni hosipawa 281, Nm 430, gia nane, na hizo 430 zinakuja mapema, kabla mshale haujafika 2,000, kwa hiyo haina ule uvivu wa 2.7 na milima ya Kivu haitaitisha kwa sababu turbo inajazia hewa inayopungua. Ni kama mtu amechukua nguvu ya dizeli akaiacha harufu na moshi. Ila ni injini mpya, ina turbo inayotaka oili safi nyepesi na kwa wakati, si ile oili ya kidumu isiyo na jina, na fundi wa pale mtaani hajaizoea bado. Kama uko Kigali mjini karibu na huduma, chukua. Kama unaishi siku mbili kutoka kwenye lami ya mwisho ya Kongo, mi ningetafuta dizeli ya kushoto, mazutu, yaani dizeli, utayapata kwa kila lori linalopita.

Haibridi basi, kwa mlioko Marekani. Nyie hamna cha kuchagua, Land Cruiser yenu imekuja na injini moja tu, hiyo 2.4 pamoja na mota ya umeme iliyokaa kati ya injini na giaboksi, jumla hosipawa 326 na Nm 630, inaipita hata dizeli. Ilianza kuuzwa dola 55,950, na mafuta inakwenda maili 23 kwa galoni, kama kilomita 9.8 kwa lita, na mjini haishuki sana, ambalo kwa gari la petroli la uzito huu si dogo. Dosari yake iko nyuma. Betri imekaa chini ya sakafu ya buti, buti limeinuka, na siti za tatu hakuna, viti vitano basi. Familia ya Kiswahili ya Columbus au Minneapolis yenye watoto wanne na bibi amekuja kutembea, hapo pana kazi. Na kama mpango wako ni kuitumia miaka mitatu halafu uisafirishe nyumbani Mombasa, rudi kule juu nilipoandika habari za usukani.

Turudi kwa shemeji. Ye anakaa Dar, ana shamba la parachichi Njombe, na akanieleza kwa kirefu kwamba anakwenda shamba kila mwezi, kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,400, na barabara ya kuingia shambani mvua zikianza ni tope. Nikapiga hesabu, mwaka mzima ni karibu elfu 17 za safari ndefu peke yake, ongeza za mjini, DPF itapata nafasi ya kujichoma kila mwezi, kule kuna mlima na tope. Nikamwambia shemeji hapo chukua dizeli, yaani GDJ250, na siyo TRJ250 ambayo ni petroli, uangalie hizo herufi kwenye karatasi ya mnada zisije zikakuponyoka, na kuanzia leo jaza mafuta kituo kimoja unachokiamini na filta maji yatolewe kila sevisi.

Sasa simu ilikuwa kwenye spika na mi sikujua. Nikasikia sauti ya dada kwa nyuma.

"Njombe umekwenda mara ngapi mwaka huu?"

Shemeji kimya.

"Si mara mbili? Na ya pili ulipanda basi. Gari ninakaa nayo mimi, shule, soko, kanisani, shule. Muulize kaka, gari ya shule na soko inachukua injini gani."

Nikamwambia shemeji, agiza TRJ.